Wakuu, hii "Middle Belt" ya Nigeria inaanzia wapi, inaishia wapi, na nani hasa ni mtu wa huko?

Mzee wa Nyanda za Juu (mleta mada)

Wakuu habari za muda huu.

Nimepitia ule uzi wa siasa za Nigeria nikaona kila mchangiaji anaigawa ile nchi mafungu matatu, Wahausa juu, Wayoruba kushoto, Waigbo kulia, kazi imekwisha. Mi nimekaa Jos, mji mkuu wa jimbo la Plateau, kwa masomo na nawaambia hapo katikati mmeruka mamilioni ya watu ambao ukimwita mmoja wao Mhausa kisa tu katokea kaskazini mtakosana siku nzima. Hao wanajiita watu wa Middle Belt, nimeona niwafungulie uzi wao maana kule kwenye komenti ingekuwa ndefu mno. Kaeni vizuri, bando liwepo.

Iko hivi. Chukua ramani, fuata mto Niger unavyoshuka toka kaskazini magharibi, alafu fuata Benue unaoingia toka Cameroon, utaona imekutana mji unaitwa Lokoja. Paka rangi mabonde ya hiyo mito pamoja na milima ya Jos iliyo juu yake, hapo ndo Middle Belt kwa maana ya jiografia. Ndani yake kuna Wativ, Waidoma, Waigala, Waebira, Wanupe, Wagbagyi, Waberom, Wangas, Wamwaghavul, Watarok, Waeggon, Wajukun, Waatyap, Wamumuye, naishia hapo sio kwamba wameisha, mkono ndo umechoka. Nigeria ina lugha zaidi ya 500 na nyingi ziko kwenye huu ukanda. Jimbo la Plateau peke yake lina makabila zaidi ya 40, kuna sehemu unapanda kilima na ukishuka upande wa pili salamu imeshabadilika.

Na sio lugha za ukoo mmoja. Kiberom na Kitiv ziko kwenye familia kubwa ileile ya Kiswahili chetu, wakati Kingas na Kimwaghavul ni ndugu wa Kihausa kabisa, wanaisimu wanaziita lugha za Kichadi. Sasa cha ajabu Mngas na Mberom ndo wanaojiona kitu kimoja, na ukimwambia Mngas kwamba kwa lugha yeye yuko karibu zaidi na Mhausa kuliko na jirani yake Mberom atakuangalia kama umemtukana. Kwa hiyo habari za damu na lugha wekeni pembeni.

Na tawala pia hazifanani. Waigala walikuwa na ufalme Idah chini ya mfalme anayeitwa Attah, Wajukun wana mfalme anayeitwa Aku Uka wa Wukari na zamani waliongoza dola ya Kwararafa iliyoipelekea moto Kano enzi za karne ya 17, Wanupe wana mfalme wao, Etsu. Alafu unakutana na Wativ, watu wengi kuliko hao wote, hawajawahi kuwa na mfalme, kila mtu anahesabu ukoo wake kurudi juu na wazee wa ukoo ndo wanaamua. Hicho cheo cha Tor Tiv mnachokisikia leo kiliundwa miaka ya 1940 na Mwingereza aliyekuwa anatafuta mtu mmoja wa kuongea naye.

Sasa kama sio damu, sio lugha, sio ufalme, ni nini? Msimamo wangu, na mnaruhusiwa kunipinga, ni kwamba Middle Belt imezaliwa na neno moja tu, HAPANA. Ni watu waliokataa kuwekwa chini ya Sokoto. Naendelea post inayofuata, msijaze komenti kwanza.

Mzee wa Nyanda za Juu

Tunaendelea.

Mwaka 1804 Usman dan Fodio, mwanazuoni wa Kifulani, alianzisha jihadi, ikazaa dola ya Kiislamu ya Sokoto iliyotawala nchi ya Wahausa, kubwa mno. Emir (mtawala wa Kiislamu) wa Zaria, wa Bauchi, wa Adamawa, wa Bida kwa Wanupe, wa Ilorin kwa Wayoruba, wote bendera yao ilitoka huko. Ila ile dola ilipigana kwa farasi, na farasi kwenye majabali ya Jos hafai kitu. Watu wa milimani wakabaki nje ya dola, Wativ nao hawakushikika. Kubaki nje hakukuwa raha lakini, maana asiye Mwislamu aliyekuwa nje ya dola ndo alikuwa anavamiwa na kuchukuliwa mtumwa. Hiyo kumbukumbu haijafutika, mzee wa leo wa Plateau anakusimulia habari za wapanda farasi kama vile anaongelea mwaka juzi.

Akaja Mwingereza. 1900 anatangaza Northern Nigeria makao yakiwa Lokoja, 1903 Kano na Sokoto zinaanguka. Lugard, Mwingereza aliyepewa kuitawala, hana watu, hana hela, anaamua kutawala kupitia ma-emir, huo ndo mfumo uliomjengea jina. Kwenye milima ambako hakuna emir ikawa shida, sehemu nyingi wakaletewa viongozi na makarani wa Kihausa na Kifulani wawakusanyie kodi, na jamii kama Waatyap wa kusini mwa Kaduna wakawekwa rasmi chini ya emir wa Zaria. Kile ambacho farasi walishindwa karani akakimaliza kwa kalamu. Hapo ndo hasira yenyewe ilipokaa.

Lakini huyohuyo Mwingereza alikuwa ameahidi ma-emir kwamba wamishenari hawatawasumbua, basi wamishenari wakaelekezwa kwa hawa wasio Waislamu. Sudan United Mission waliingia Wase mwaka 1904, Makaburu wa Kanisa la Dutch Reformed toka Afrika Kusini wakaingia kwa Wativ 1911. Zikaja shule, zahanati, Biblia kwa lugha za kwao. Na vijana wengi wa huko wakaingia jeshini, jambo ambalo baadae lilikuja kuamua mambo makubwa.

Miaka ya 1950 uhuru unanukia. Ahmadu Bello, kiongozi wa Kaskazini toka ukoo wa Sokoto, na chama chake cha NPC (Northern People's Congress) wanahubiri Kaskazini Moja. Hesabu yenyewe hii hapa, bunge la 1959 lilikuwa na viti 312 na Kaskazini peke yake ilipewa 174, kwahiyo ukiishika Kaskazini nzima umeishika Nigeria, ila bila watu wa katikati hiyo namba hupati. Mwaka 1955 vikundi vya hawa wadogo vikaungana kuwa United Middle Belt Congress, kiongozi akawa Joseph Tarka, Mtiv, kijana mdogo kabisa. Walitaka mkoa wao. Mwingereza akaunda tume ya Willink kusikiliza hofu za makabila madogo, ripoti ikatoka 1958, ikasema ndio hofu zipo ila mikoa mipya hapana. Kwa Wativ pakachafuka 1960 na tena 1964, nyumba zikachomwa, jeshi likaingia.

Alafu ndo jeshi linalipa. Yakubu Gowon, Mngas wa Plateau, mtoto wa mwinjilisti aliyekulia Wusasa pale Zaria na Kihausa chake kimenyooka, anashika nchi mwaka 1966. Tarehe 27 Mei 1967, siku tatu kabla Ojukwu, gavana wa kijeshi wa mashariki kwa Waigbo, hajajitenga na kutangaza nchi ya Biafra, anaivunja Nigeria kuwa majimbo 12 na moja linaitwa Benue-Plateau. Kile Tarka alichonyimwa kwa kura na kwa tume, askari wa kwao alikitoa kwa tangazo la redio. Benue na Plateau zikatenganishwa 1976, Kogi na Taraba zikaja 1991, Nasarawa 1996.

Naomba kuwasilisha. Karibuni.

Ngoja Waje

Nasubiri wajuzi, nimekaa siti ya mbele.

Chuma cha Tabora

Mleta mada umeeleza vizuri ila mbona nyie mnaokaa nje mnazunguka sana, si useme tu ni Wakristo wa kaskazini? Middle Belt = Wakristo, core north = Waislamu. Uzi ufungwe.

Mzee wa Nyanda za Juu

Mkuu Chuma, ingekuwa rahisi hivyo nisingeandika. Dini ina nguvu sana kwenye hili, sikatai, lakini Wativ na Wajukun kwa sehemu kubwa wote ni Wakristo na wamechinjana Taraba miaka na miaka kugombea ardhi na nani ni mwenyeji wa Wukari. Oktoba 2001 huo ugomvi wao ulifika mpaka wanajeshi wakauawa, na wenzao wakaja kulipiza kwa kuua raia wa Kitiv maeneo ya Zaki Biam. Hapo msikiti na kanisa havihusiki. Waebira wengi ni Waislamu, nao hawakubali kuitwa Wahausa.

Aliyepita Minna

Mimi nimeishi Minna jimbo la Niger nikiwa kwenye mambo ya biashara, naomba niseme kitu mleta mada asikasirike. Pale Minna na Bida hiyo Middle Belt watu hawaitaki. Mnupe ana historia ya dola yake, ana emir wake, ana dini yake, ukimwambia yeye ni Middle Belt anaona unamvuta kwenye ugomvi wa watu wa Jos. Yeye anakuambia mimi ni mtu wa Kaskazini, full stop. Alafu Babangida na Abdulsalami wote ni wa Minna, mbona hakuna anayewahesabu kama marais wa Middle Belt? Wanahesabiwa "wa Kaskazini". Gowon ndo anaitwa wa Middle Belt. Sasa hapo jiografia iko wapi.

Mzee wa Nyanda za Juu

Wala sikasiriki mkuu, umenisaidia kusema. Ukifuata mito, Minna iko ndani. Ukifuata msimamo, iko nje. Upande wa pili ni hivohivo, kuna watu wako mbali na hiyo mito lakini wanajihesabu ndani, mfano kusini mwa Kaduna, Watangale wa kusini mwa Gombe, Wasayawa wa Tafawa Balewa kule Bauchi, hadi watu wa kusini mwa Borno. Serikali inatumia kanda sita, ile inayoitwa North-Central ina Benue, Kogi, Kwara, Nasarawa, Niger, Plateau na Abuja. Ukimuuliza mwanaharakati akuchoree Middle Belt yake anakata Ilorin, anaongeza nusu ya Kaduna na vipande vya kaskazini mashariki, yaani ramani ya serikali na yake ni vitu viwili tofauti kabisa.

Ndo maana nasema ni hapana. Aliyesema ndio kwa Sokoto, au aliyelainika, anatoka kwenye ramani hata kama nyumba yake iko ukingoni mwa mto.

Dada wa Kigamboni

Eti kweli sisi Wabantu tumetokea huko? Niliwahi kusikia shuleni nikaona kama hadithi

Mzee wa Nyanda za Juu

Kweli dada. Wanaisimu wengi wanaweka chimbuko la lugha za Kibantu kwenye mpaka wa Nigeria na Cameroon, na Wativ wako hapohapo jirani, wao wenyewe wanasema walishuka toka mlima Swem upande wa Cameroon. Kitiv sio Kibantu kwa maana kamili ila ni binamu wa karibu. Nilikuwa sokoni najifunza kuhesabu, jamaa anasema utar, unyiin, utaan, nikabaki nacheka peke yangu maana ni tatu, nne, tano hizo hapo. Muuza viazi vikuu akadhani namcheka yeye, ikabidi ninunue.

Ila tusijisifu kwamba tunaelewana. Ukitoka kwenye namba na vitu vichache huambulii kitu.

Mla Bada

Mkuu gusia zile sanamu za Nok nazo ni za huko?

Mzee wa Nyanda za Juu

Ni za huko, Nok ni kijiji kusini mwa Kaduna. Zilifukuliwa na wachimba madini ya bati, za kwanza mwaka 1928. Ile ya mwaka 1943 ndo stori tamu, karani wa mgodi alikiokota kichwa cha udongo wa kuchoma akaenda kukitundika shambani kwake kwenye viazi vikuu kitishie ndege, kikakaa mwaka mzima kinafanya hiyo kazi mpaka kikamfikia Bernard Fagg aliyekuwa afisa wa serikali pale Jos na alisomea mambo ya kale. Hizo sanamu zina zaidi ya miaka 2,000, na hao watu walikuwa wanayeyusha chuma. Leo kila kabila la pale linasema Nok ni babu yake. Hakuna anayeweza kuthibitisha, na wote wanalitumia hilo jina kumwambia mtu wa Sokoto kwamba sisi tulikuwepo kabla yako.

Mwana Tandale

Sasa hiyo Jos yenyewe mbona tunasikia kila siku mapanga? Na wewe ulikaaje huko

Mzee wa Nyanda za Juu

Jos ni mji mzuri jamani, uko juu kama mita 1,200, baridi yake na viazi mviringo vyake utadhani umeamkia Mbeya. Watu wa huko wanakula acha, kile kinafaka kidogo mno kuliko ulezi, wanapika kama uji mzito na mboga wanaita gwate, nikikumbuka natokwa mate.

Mji wenyewe umeletwa na bati. Wachimbaji wa Kiingereza walipoanza kazi mwanzoni mwa karne iliyopita wakahitaji nguvukazi, wakaja Wahausa toka Kano na Bauchi, Waigbo, Wayoruba, Waurhobo, kila mtu. Waberom, Waanaguta na Waafizere ambao ardhi ni ya kwao wakajikuta mashamba yamegeuka mashimo, yale mashimo mpaka leo yapo, yamejaa maji. Kwahiyo wajukuu wa wachimbaji na wajukuu wa wenye ardhi wanaishi mtaa mmoja na swali ni lilelile, mji ni wa nani?

Na Nigeria hilo swali linajibiwa na karatasi. Kuna kitu kinaitwa cheti cha uzawa, unapewa na halmashauri, kinasema wewe ni mzawa wa hapa. Kuzaliwa hapo haitoshi, katiba yenyewe inaangalia mzazi au babu yako alitoka kwenye jamii ya wazawa wa jimbo husika. Bila hicho cheti kazi ya serikali ya jimbo unaisikia redioni, na chuo cha jimbo ada yako inaweza kuwa kubwa kuliko ya mwenzako mliyekaa dawati moja.

Kulikuwa na fundi cherehani karibu na nilipopanga, Mhausa, kazaliwa Jos, baba yake kazaliwa Jos, babu ndo alikuja na bati. Siku moja kanionesha fomu ya mdogo wake ya kuomba chuo, ile sehemu ya jimbo la asili wameiacha wazi. Halmashauri ya Jos inamwambia wewe ni wa Kano, Kano wanamwambia tutajie kijiji cha babu yako na mkuu wa kata agonge muhuri, na babu alishakufa zamani bila kukitaja. Alikuwa anaongea huku anapiga pasi kanzu ya mteja, hana hata hasira, amezoea. Ukivuka barabara unamkuta mama wa Kiberom anakuambia shamba letu lilichukuliwa na mgodi, alafu na mji nao wachukue? Wote wawili unawaelewa.

Mwaka 1991 serikali ya kijeshi ikaunda halmashauri ya Jos North, wenyeji wakaona mji umepakuliwa kwa Wahausa. Septemba 2001 ukawaka, ukawaka tena 2008. Januari 2010 Waislamu wakauawa Kuru Karama, Machi mwaka huohuo Waberom wakauawa Dogo Nahawa, watoto kwa wazee. Mkiona mtu anawatajia kijiji kimoja tu kati ya hivyo viwili jueni anawauzia upande.

Mimi nilikaa salama kwa sababu ni mgeni wa mbali, hakuna aliyedhani naitaka ardhi yake.

Aliyepita Minna

Kitu kingine ambacho hujasema, Abuja nayo iko kwenye huohuo ukanda, na ardhi ilikuwa ya Wagbagyi.

Mzee wa Nyanda za Juu

Ahsante. 1976 waliamua mji mkuu utoke Lagos uje katikati kwa kuwa hapo hakuna kabila kubwa lenye mji, kana kwamba kabila dogo sio mtu. Wagbagyi wengi wakahamishwa, na kwa kuwa Abuja sio jimbo hakuna gavana wa kumpigia kura, kuna waziri anateuliwa tu. Ukiwa pembeni mwa jiji utawaona wamama wa Kigbagyi wamebeba kuni begani, sio kichwani kama makabila mengine, kwao kichwa ndo chenye heshima hakibebeshwi mzigo. Juu ya bega mzigo umelala mbele na nyuma, mkono mmoja umeshika, na mwendo wala haupungui.

Chuma cha Tabora

Sawa nimekuelewa mkuu, dini peke yake haitoshi. Ila kama wanaichukia hivyo hiyo Sokoto mbona wote wanaongea Kihausa?

Mzee wa Nyanda za Juu

Hahaa hapo umepiga penyewe. Nimehudhuria kikao cha vijana Jos wanalaani ubabe wa Wahausa kuanzia saa nne mpaka saa nane, na kikao chote kiliendeshwa kwa Kihausa. Wangetumia nini? Mle ndani kulikuwa na makabila kumi na kitu, Kiingereza wazee hawakifuati vizuri. Makanisani mahubiri ni Kihausa, sokoni Kihausa, matusi Kihausa. Bila hiyo lugha wasingeweza hata kukutana wakajigundua kwamba wana shida moja. Benue huko kwa Wativ na Waidoma Kihausa kinapungua kweli, ila Plateau na kusini mwa Kaduna ndo mdomo wao.

Dada wa Kigamboni

Na sasa hivi wanataka nini? Wajitenge?

Mzee wa Nyanda za Juu

Kujitenga hapana, kinyume chake nusura watenge wenzao. April 1990 Meja Gideon Orkar, Mtiv, alijaribu kumpindua Babangida, akatangaza redioni kwamba anaondoa Sokoto, Borno, Katsina, Kano na Bauchi kwenye Nigeria. Jaribio likafeli akanyongwa... samahani, walipigwa risasi yeye na wenzake mwaka huohuo. Mpaka leo ukimtaja Orkar kijiweni Makurdi, mji mkuu wa Benue, utaona kimya kimepita kidogo alafu kila mtu anaongea kwa mpigo.

Sasa hivi moto uko kwenye ardhi, wakulima na wafugaji wa Kifulani. Benue ilipitisha sheria ya kuzuia kuchunga holela mwaka 2017, Januari 2018 Makurdi ikazika watu 73 kwa siku moja, na mauaji hayajakoma. Hayo yamefanya kitu ambacho siasa za Tarka hazikukimaliza, Muidoma na Mtiv waliokuwa wananuniana sasa wanaongea lugha moja. Uchaguzi wa rais wa 2023 Peter Obi, Muigbo, kashinda Plateau, Nasarawa na Abuja, ingawa Benue ilienda kwa Tinubu, aliyetangazwa rais, kwa tofauti ndogo sana, kwahiyo hata kura hawapigi kwa mkumbo.

Madai yenyewe ni ya kawaida tu, majimbo. Watu wa kusini mwa Kaduna wanadai jimbo lao waliite Gurara, wamedai miaka mingi. Na wenzao wa kaskazini mwa Kaduna ukiwauliza, wapo wanaosema wapewe tu waende, tupumue.

Ngoja Waje

Mkuu tupia na namna ya kupika hiyo gwate, mengine tumeelewa.